Meli iliyopita Dodoma kwa treni: kamera kutoka Ugogo mpaka Ujiji

Jumamosi, Dodoma mjini

Watu wakisikia napenda kupiga picha za miji ya bandari swali la kwanza ni hilo hilo, sasa wewe unakaa Dodoma hiyo bandari unaitoa wapi. Mi huwa sibishani, nawapeleka stesheni ya zamani ya reli, ile ya geji ya mita (reli yenye upana wa mita moja), naonyesha mataruma nawaambia hapa ilipita meli. Wanacheka sana. Ila ndo ukweli, ile MV Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa mji unaitwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, enzi hizo inaitwa Graf von Goetzen, wakaifungua vipande wakapaki kwenye masanduku kama 5,000, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam na kutoka Dar ikapanda treni mpaka Kigoma. Na reli ya kwenda Kigoma haina njia nyingine, lazima ipite hapa kwetu. Reli yenyewe ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914, yaani masanduku ya meli yamepita Dodoma reli ikiwa bado mpya kabisa.

Kwa hiyo safari nimeianzia hapa hapa. Kazi yangu ya kila siku ni harusi na semina, mji huu una semina we acha tu, kila hoteli kuna bango na watu wamevaa vitambulisho shingoni, hela ipo lakini mwisho wa mwezi unajikuta una picha elfu moja za watu wanakula. Sasa mwishoni mwa Septemba kazi zikapungua kidogo, nikamwambia binamu yangu twende tufuate njia ya misafara mpaka kwenye maji. Binamu ana nguvu za kubeba tripodi na hana kazi ya kudumu kwa sasa, akakubali kabla sijamaliza sentensi.

Njia yenyewe ni ile ya pembe za ndovu na watumwa. Kuna orodha ya awali ya urithi wa dunia ya UNESCO, Tanzania iliipeleka mwaka 2006, imetaja vituo sita vya njia hiyo: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Angalia hapo, kati ya sita vyenye maji ni viwili tu, cha kwanza na cha mwisho. Vinne vyote viko nchi kavu na viwili kati ya hivyo viko jirani na sisi kabisa. Ndo maana mi nasema ukitaka kupiga picha ya bandari vizuri ukaanzia kwenye gati umeshachelewa, mzigo ulitoka mbali sana kabla ya kufika pale. Mpwapwa nilishakwenda mwanzoni mwa mwaka kwenye msiba nikapiga picha zangu, safari hii naelekea magharibi.

Pale stesheni nilimwomba ruhusa msimamizi kwanza. Ushauri kwa yeyote mwenye kamera kubwa, reli na bandari usijifanye mjanja, omba. Alinikubalia jengo na jukwaa, akakataa injini, sawa tu. Jua la saa moja asubuhi Dodoma kipindi hiki lina vumbi ndani yake, mwanga unakuwa wa rangi ya udongo, nikapiga reli zinavyonyooka kuelekea magharibi mpaka zinapotea kwenye vumbi. Picha nzuri sana na haina kitu ndani yake.

Jumapili, Kilimatinde

Basi la asubuhi mpaka Manyoni. Njiani Bahi, mashamba ya mpunga sasa hivi ni udongo uliopasuka tu, mibuyu haina hata jani moja, binamu amelala toka tunatoka stendi. Ukishapita Kintinku unaanza kuona ukuta wa bonde la ufa mbele yako na basi linaanza kulalamika kupanda.

Manyoni tukachukua bodaboda mbili kwenda Kilimatinde. Kijana wangu aliuliza, "Kaka, unaenda hospitali?" nikamwambia hapana naenda kupiga picha, akanyamaza kidogo akasema, "Basi nitakupeleka hospitali, ndo wanapoenda wageni." Kweli kuna hospitali ya kanisa la Anglikana pale ya siku nyingi, inajulikana. Ila mi nilitaka ukingo.

Kilimatinde imekaa juu kabisa ya ule ukuta wa bonde. Ukisimama pembeni ukaangalia mashariki unaiona nchi yote ya Ugogo imelala chini, tambarare ya Bahi inaenda mpaka macho yanachoka. Na hapa kuna kitu cha kitaalamu kidogo: kwa sababu unaangalia mashariki, asubuhi jua linakuja usoni na kila kitu kinakuwa cheupe, huwezi kupata kitu. Njoo mchana ukiisha, saa kumi na kuendelea, jua liko mgongoni kwako na linamulika tambarare lote, hapo ndo unaona kila kichaka na kivuli chake. Nilikaa pale mpaka binamu akaanza kunung'unika njaa.

Nikiwa pale ndo nikaelewa kwa nini misafara ilipita hapa na kwa nini Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi hapa miaka ya 1890. Anayetoka pwani ameshavuka Marenga Makali kule baada ya Mpwapwa, nyika isiyo na maji ya kunyweka, afu ameingia Ugogo ambako kila mtemi anataka ushuru wa kupita, nguo doti kadhaa, shanga, na maji ya kisima pia unalipia. Wasafiri wengi wa kizungu wamelalamika kuhusu Wagogo kwenye maandishi yao, Burton kalalamika, Stanley kalalamika zaidi. Mi ni Mgogo na nikisoma malalamiko yale najisikia vizuri kidogo, sitaficha. Maana tulikuwa hatuna bahari lakini tulikuwa na forodha. Msafara wa mamia ya wapagazi Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo thelathini hivi begani, unafika kwenye kisima cha mtu katika nchi kame, kuna sababu gani ya kuwapa bure?

Tulikutana na mzee mmoja amekaa nje ya duka, nikamsalimia mbukwenyi, akafurahi, akauliza sisi wa wapi, nikamtajia kijiji cha babu yangu. Nikamuuliza mabaki ya boma la Mjerumani. Akatuelekeza, afu akasema, "Mwanangu, huu mji ulikuwa mkubwa. Treni ikapita kule chini ikapanda Saranda, ikaenda Manyoni. Watu wakafuata treni."

Hicho ndo nilichokuja kupiga picha na nilikuwa sina maneno yake. Hakuna aliyeibomoa Kilimatinde, si vita wala tetemeko, njia ya mzigo ilisogea kilomita chache tu kaskazini basi. Nilipiga kuta, nilipiga barabara pana kuliko mahitaji ya watu waliopo, nikampiga mzee na duka lake baada ya yeye kuingia ndani kuvaa kofia.

Jumatatu, Manyoni hadi Tabora

Basi tu. Itigi vile vichaka vyake vizito huoni hata hatua tano ndani, afu miombo, miombo, miombo. Nimekula karanga. Sina picha ya maana hata moja ya siku hii.

Jumanne, Kwihara

Tabora ni mji wa miembe, hilo kila mtu anajua, ila ukija umetoka kwenye njia ya misafara unaiona miembe kwa jicho lingine. Miembe haikuwa ya bara hili la kati, ilifuata watu wa pwani, walipokaa walipanda, kwa hiyo ukiona mistari ya miembe mikubwa ya zamani ujue hapo palikuwa na Waswahili na Waarabu na mzigo. Nilipiga miembe ya Tabora asubuhi nzima kwa lenzi ya 35, chini ya mwembe mmoja kuna fundi cherehani, mwingine kuna vijana wa bodaboda, mwingine mama anauza chai. "Mwangaluka," nikamwambia yule mama kwa kujaribu bahati, akanijibu kwa Kinyamwezi kirefu sana sikuelewa kitu, wote wakacheka, chai nikapewa na nyongeza.

Kwihara iko nje kidogo ya mji. Pale ndo kuna tembe la Livingstone, nyumba ya udongo yenye kuta nene na paa la bapa, sasa ni makumbusho. Stanley alikaa hapa 1871 akiwa anaelekea Ujiji, wakati huo njia imefungwa na vita vya mtemi Mirambo na Waarabu, afu akarudi hapa na Livingstone mwanzoni mwa 1872. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, Livingstone akabaki anasubiri wapagazi mpaka Agosti mwaka huo huo, ndo akaondoka na hakurudi akiwa hai.

Ila kisa kinachonigusa mi cha Kwihara siyo hicho. Livingstone alifia kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Wenzake, akina Susi na Chuma na wengine, waliukausha mwili wakaubeba. Walipofika huku Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, Oktoba wakakutana na Mwingereza mwingine, Luteni Cameron, akawashauri wamzike hapa hapa yaishe. Wakakataa. Wakaendelea kwa miguu, wakavuka Ugogo yetu, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Sasa ingia makumbusho yoyote, sura kubwa ukutani ni za wazungu wawili. Waliobeba wako pembeni, wadogo, kama wapo.

Ndani ya tembe ni giza, madirisha madogo, fleshi inaharibu kila kitu inafanya udongo uonekane plastiki. Nikaweka tripodi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) chini, shata sekunde mbili, nikasubiri. Mwanga unaingia mlangoni unatambaa sakafuni, ukutani unabaki mstari. Mlango wenyewe ni wa nakshi za pwani. Binamu aliuliza kwa nini napiga sakafu na siyo vitu vilivyowekwa kwenye makabati, nikamwambia vile vya makabati vimeshapigwa na kila mtalii, na kwenye sakafu ndo mizigo ilipowekwa. Akasema, "Haya bwana, wewe ndo fundi." Kwa sauti ile ile anayomwambia mama yake akikatazwa kitu.

Mjini jioni sikutoa kamera kabisa upande wa boma la Wajerumani. Nililiona tu kwa mbali likiwa juu ya kilima chake. Maeneo yenye wanajeshi ni maeneo yenye wanajeshi.

Jumatano, ndani ya treni

Treni ya Kigoma imechelewa kuingia Tabora, kiasi gani sitasema maana wenzangu wa hapa jukwaani waliona kawaida kabisa, wakatandika kanga wakalala. Hapa stesheni ya Tabora reli inagawanyika, tawi moja linaenda Mwanza, lilifika huko 1928, jingine ndo letu.

Urambo, Kaliua, giza. Kila stesheni watu wanakuja dirishani na ndoo za asali, kuku wa kukaanga, miwa, taa za simu zinamulika chini juu nyuso zote zinaonekana za filamu ya kutisha. Nilipiga chache kwa ISO kubwa, zina chengachenga, nimezipenda hivyo hivyo. Mama mmoja behewani kwetu anarudi Kigoma kutoka kwa mwanae akaniambia, "Baba, usipige mikono tu, nunua na asali basi." Nikanunua.

Alfajiri tukavuka Malagarasi, afu Uvinza. Uvinza kuna chumvi, chemchemi za maji ya chumvi, watu wamechemsha chumvi pale karne na karne kabla ya Mwarabu wala Mjerumani, na chumvi hiyo ilikuwa inatembea nchi zote za huku. Kwa hiyo kulikuwa na biashara ya ziwa na bara kabla mtu wa pwani hajafika kuiita njia yake. Nilitamani kushuka. Treni ilisimama muda wa kutosha kuniudhi na mfupi mno kwenda popote.

Alhamisi, Kigoma

Unaposhuka mlima kuingia Kigoma ziwa linatokea mara moja upande wa kushoto, behewa lote likasogea upande mmoja, hata waliozaliwa hapa. Binamu hajawahi kuona maji mengi hivi, akaniuliza kama ni chumvi. Ni matamu, nikamwambia, na kina chake ni mita 1,470, ni la pili duniani kwa kina. Akakaa kimya mpaka stesheni.

Stesheni ya Kigoma ni jengo la Kijerumani la ghorofa lenye matao, na limewekwa pale kwa makusudi, reli inaishia hapa na maji yanaanzia hatua chache mbele. Piga mapema asubuhi, jua likitoka milimani nyuma ya mji linagonga matao kwa pembeni. Sisi tulifika limeshapanda lakini nikarudi kesho yake.

Bandarini nikaenda na barua. Nilikuwa nimeandika barua wiki mbili nyuma, nikapata jibu la simu, nikafika getini mlinzi hana habari yoyote, akapiga simu, tukasubiri, akapiga tena. Mwishoni nikaruhusiwa kupiga gati na kreni kwa mbali nikiwa na mtu pembeni yangu, na vyombo vilivyo kwenye ukarabati hapana. Liemba ni mojawapo, miaka ya karibuni imekuwa kwenye matengenezo, kwa hiyo meli iliyonitoa Dodoma nimeiangalia kwa macho yangu na hakuna picha.

Lakini hadithi yake niliipata upya pale kwa yule afisa aliyenisindikiza, kijana mdogo tu, anaijua kichwani yote. Iliingia majini Februari 1915, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiendelea. Waingereza wakaleta boti zao mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kupitia Kongo ya Mbelgiji, zikaburutwa porini, wakaikamata meli Kingani ya Wajerumani siku moja baada ya Krismasi 1915 na kuizamisha Hedwig von Wissmann Februari 1916. Goetzen kubwa ikabaki. Julai 1916 Wajerumani wanaondoka Kigoma wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi, ila mafundi wakapaka injini grisi nzito kwanza. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena, Waingereza wakaiibua 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba. Kijana anasema, "Kaka, yule aliyepaka grisi alijua atarudi." Hakurudi, lakini injini zilifanya kazi.

Afu akanionyesha upande wa eneo la zamani la Wabelgiji. Baada ya vita ile ya kwanza Uingereza na Ubelgiji walikubaliana 1921 kwamba Wabelgiji wawe na sehemu yao bandari ya Kigoma na nyingine Dar es Salaam, kodi faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite. Faranga moja! Wagogo wangewatoza zaidi.

Jioni Kibirizi, ufukwe wa wavuvi. Hapa ndo nilipomaliza memori kadi. Nilipanga safari nzima kwa kalenda ya mwezi, maana dagaa wa Tanganyika wanavuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, wavuvi wanapumzika. Na ukija Mei mpaka Agosti uulize kwanza, 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 samaki wazaliane. Sisi tulikuwa kwenye giza la mwezi. Karibu saa moja jioni jua linazama juu ya milima ya Kongo na mitumbwi inatoka, miwili miwili imeunganishwa kwa miti, taa za sola siku hizi siyo karabai tena. Ikishaingia giza ziwa linakuwa mji, taa mpaka mwisho wa macho, ukiangalia unaweza kudhani ng'ambo kuna barabara yenye magari. Sekunde nane, apacha (uwazi wa lenzi) 4, tripodi imesimikwa kwenye mchanga, binamu anashikilia asipite mtu mbele. Mitumbwi inacheza kwa hiyo kila taa inatoka na mkia mdogo, sikupigana nao.

Ijumaa, Ujiji

Kutoka Kigoma mpaka Ujiji ni daladala tu, unapita mtaa wa Mwanga, barabarani miembe imeanza tena. Binamu mwenyewe ndo aliyeniambia, "Miembe ya Tabora hii." Nikamwambia umeiva sasa.

Eneo la kumbukumbu la Livingstone lina mnara wa mawe, miembe iliyopandikizwa kutoka ule wa asili, na makumbusho yenye sanamu mbili za wale wazungu, Stanley na Livingstone, wakivua kofia walipokutana hapa. Tarehe ya kukutana inayotajwa ni Novemba 10, 1871. Kila mtu anapiga picha katikati ya sanamu, tukapiga na sisi, binamu akasimama kama mzee wa tatu wa mkutano.

Kinachoshangaza wageni ni maji. Maelezo yanasema walikutana karibu na ufuko, sasa ufuko uko wapi? Unatembea kushuka mtaani, nyumba, mashamba, watoto wa mpira, ndo unalifikia ziwa. Maelezo yake ni haya. Kwenye miaka ya 1870 ziwa lilikuwa limejaa kupita kawaida, njia yake ya kutokea, Mto Lukuga upande wa Kongo, ilikuwa imezibwa na matope na majani. Mwishoni mwa muongo ule maji yakapasua kizuizi yakatoka, na kwa miaka isiyofika ishirini ziwa likashuka mita kama kumi. Kigoma ufuko una mteremko mkali, mita kumi zinakusogeza hatua chache tu. Ujiji ni bapa, mita kumi ni mtaa mzima. Kwa hiyo bandari kubwa ya ziwa, aliyoifikia Burton na Speke 1858, ilibaki inaangalia maji yakiondoka, afu reli ikaja ikachagua ghuba ya Kigoma yenye kina na kinga ya upepo. Nikamkumbuka yule mzee wa Kilimatinde na treni yake. Huku ziwa ndo lilitangulia, treni ikamalizia.

Na usidhani imeishia hapo. Kuanzia 2020 hivi ziwa limepanda tena, kuna sehemu za ufukwe wa Kigoma na Burundi maji yameingia kwenye nyumba. Pale ufukweni Ujiji nilipiga mti uliosimama ndani ya maji na kamba ya nguo bado imefungwa.

Upande wa mafundi wa boti ndo nilikaa zaidi. Mbao zimepangwa, fundi anaziba nyufa kwa pamba na mafuta kwa nyundo ndogo, hakuna mchoro wowote, kipimo kiko machoni. Nilimuuliza anajuaje pande mbili ziko sawa. "Nalala chini naangalia," akasema, na akalala kweli chini ya boti kunionyesha, ndo picha yangu bora ya safari yote na wala sikuipanga.

Tukarudi mitaani kutafuta nyumba za zamani. Mtaa mmoja kuna mlango wa nakshi umebaki kwenye nyumba ya udongo, nakshi za pwani zile zile za Kwihara. Nje amekaa bibi. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza nataka nini. Nikamwambia nataka kupiga picha ya mlango wake.

"Mlango tu?" akasema. "Mlango nimeukuta, mi ndo niliyeukalia miaka hamsini."

Basi nikamwambia bibi kaa. Akakaa mlangoni, nikapiga. Akataka kuona kwenye skrini, akaangalia kwa karibu sana, akasema hapana, hii kanga ni ya jikoni, nisubiri. Akaingia ndani. Tukasubiri, wajukuu wakatujia na maembe mabichi na chumvi, bibi hajatoka. Mama yake alikuwa Mmanyema, wajukuu wakaniambia, wa ng'ambo, walikuja na misafara, na baba mtu wa pwani. Binamu akaniambia kwa chini jua linazama, twende ufukweni, ile picha ya machweo tuliyoifuata tutaikosa. Kweli nilikuwa nimeshaipanga, boti mbele, Kongo nyuma. Nikamwambia tulia.

Bibi akatoka na kanga mpya doti nzima na hereni. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo sana, wa kuta tu, nikafungua lenzi yote. Nikapiga nyingi, akachagua mwenyewe moja, akasema hiyo ndo utakayoniletea kwenye karatasi, kubwa, na usiitume kwenye simu ya mjukuu maana ataifuta.

Jumamosi, kurudi

Nimesafisha picha ya bibi kwa fundi wa Mwanga asubuhi, nikampelekea kabla ya treni, akasema sura imekuwa nyeusi kidogo lakini mlango umetoka vizuri. Binamu kanunua mawese madumu mawili na dagaa wa kukaanga gunia dogo la kuuza Dodoma, anasema na yeye ni msafara. Mpaka Uvinza behewa zima limeshamjua kwa harufu, na mpaka Tabora nusu ya dagaa ameshawauzia humo humo ndani.